Moyo Haukuwemo Katika Wimbo Ule

Tulimzika Selina huko Bungoma, jua likiwa kali, na katikati ya mazishi wale watoto wakawasha magitaa. Nawaita watoto ingawa wawili wana ndevu, na yule msichana mwimbaji, Tina, yuko mwaka wa mwisho chuoni Kibabii. Walikuwa wamesimamisha spika kubwa kando ya hema, pale ambapo akina mama wa kanisa walitaka kuweka masufuria ya chai. Emsii aliposema kwamba marafiki wa marehemu watatuimbia wimbo wake wa zamani, nilijiweka sawa kwenye kiti nikingoja kitu cha kutuliza. Nilichosikia kilikuwa kinu cha kusagia kilichoishiwa mahindi, mawe yakisagana yenyewe. Ngoma zikaingia kama mtu anayevunja mlango kwa teke. Halafu Tina akafungua kinywa, na Mungu anisamehe, nilidhani ameumwa na siafu. Ubeti mzima ulipita kabla sijatambua kwamba ni "Nirudishie". Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu alisema, "Yesu wangu, hata maiti ataamka," na sikucheka, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikiwaza.

Mtu wa umri wangu aliyekulia kati ya Bungoma na Kitale akikuambia hajui wimbo wa "Nirudishie", anakudanganya. Ulipigwa kwenye kila harusi. Ulipigwa kwenye vinyozi, kwenye vilabu, kwenye redio mchana watu wakila. Gitaa lake la kwanza hupanda polepole kama mtu anayepanda ngazi akiwa na viatu vipya, chupa ya soda inagongwa kwa nyuma tiki-tiki, halafu sauti ya Selina inaingia laini, imelegea, kama mtu ameegemea mlango. Watu husema sauti ile ni asali. Mbele yangu, kiti cha kwanza kabisa chini ya hema, alikaa mtu aliyeanza kuiita asali kabla ya wengine wote: Patroba, kiongozi wa bendi iliyorekodi wimbo huo, sasa mzee wa kofia nyeupe na fimbo ya kuchongwa. Aligeuza shingo akanitafuta, akanipata, akaniambia kwa sauti ya kushinda magitaa, "Nanjala, unaona vile wanaharibu kazi ya watu? Orijino ilikuwa tamu!" Na mimi nikatikisa kichwa kukubali. Hapo ndipo niliposhtuka. Kwa miaka yote niliyomjua Patroba, sikuwahi kukubaliana naye hata juu ya mvua. Kama yeye na mimi tunauchukia wimbo mmoja kwa sababu moja, basi mmoja wetu amesahau kitu, na sikutaka awe mimi.

Kwa hiyo lazima nirudi Matisi, mtaa wa Kitale, mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule na sina kazi, nikaenda kukaa na Selina. Alikuwa binti ya mama yangu mkubwa, nami nilimwita dada. Chumba chetu kilikuwa cha mbao na mabati, tumekigawanya kwa pazia la maua lililokuwa limepauka upande wa dirisha. Upande mmoja kitanda, upande wa pili jiko la makaa, ndoo za maji, na marobota ya nguo za mitumba ambazo Selina aliuza barabarani asubuhi. Chumba kilinuka dawa ya nondo na mboga ya mrenda. Mwenye ploti, Mama Wanjiru, aliishi ng'ambo ya ukuta wa mbao, na ukuta ule haukuzuia chochote. Tulijua alichopika, tulijua alipogombana na mtoto wake kuhusu shamba, na yeye alijua yetu. Jumapili alitupitishia githeri, mahindi na maharagwe, kwa bakuli la bati, akisema, "Kuleni, nyinyi watu wa mboga za kuteleza." Selina alimjibu, "Asante Mama, lakini maharagwe yako yanaongea usiku," na wote wawili wakacheka kupitia ubaoni bila kuonana.

Jumamosi na Jumapili mchana Selina aliimba na bendi ya Patroba kwenye klabu moja mjini Kitale. Hakuwa ameenda Kitale kuimba. Alikuwa ameolewa kijiji kiitwacho Kwanza, mumewe akafa, na baada ya matanga wakwe zake wakamwonyesha bila kusema kwamba nyumba imekuwa ndogo. Akamwachia mama mkwe mtoto wake, Nasimiyu, aliyekuwa ndio tu ameanza kuongea vizuri, akaja mjini kutafuta pa kuanzia. Ilikuwa iwe kwa muda mfupi. Aliponiita nije nikae naye, sababu yenyewe ilikuwa hiyo: alitaka kuwe na mtu nyumbani wa kumshika Nasimiyu yeye akiwa kazini. Mtoto hajafika lakini kijiko chake kilikuwa kimeshanunuliwa, cha plastiki ya kijani, kinakaa ndani ya kikombe juu ya rafu.

Tulienda kumchukua wakati wa mavuno. Boma la Kwanza lilikuwa limejaa mahindi, yameanikwa kwenye maturubai hata pa kukanyaga hapakuwapo, na vijana wa kazi walikuwa wakipukuchua upande wa ghala. Mama mkwe wake, Yunia, mwanamke mrefu mwenye mikono mizuri, hakutukaribisha kiti. Alisimama ng'ambo ya turubai, mahindi katikati yetu kama mto.

"Mama, nimekuja kumchukua Nasimiyu," Selina alisema.

"Nasimiyu gani?"

"Mama, tafadhali. Mtoto wangu."

"Hapa kuna Nasimiyu wa boma hii. Baba yake amelala pale chini ya mgomba. Wewe wako unamtafutia hapa?" Hakupandisha sauti hata kidogo. "Si tulisikia unaimbia walevi Kitale? Basi waambie hao wakuzalishe mwingine."

Mtoto akatoka ndani mwenyewe, kwa sababu alisikia sauti. Alikuwa amevaa gauni la njano na vifungo vimefungwa kombo, upande mmoja umepanda juu ya mwingine. Selina alipita juu ya mahindi bila kuomba ruhusa, akapiga magoti, akaanza kuvifungua na kuvifunga upya. Nakumbuka alivifunga polepole mno. Nakumbuka pia kwamba Yunia alimngoja. Alimwacha afike kifungo cha mwisho, cha shingoni, ndipo akamshika mtoto mkono akamrudisha ndani, na mlango ukafungwa. Sijui kama kungoja kule kulikuwa huruma au ukatili. Nimewahi kuamini yote mawili kwa nyakati tofauti, na siku hizi naamini ukatili. Tulienda kwa wazee wa ukoo, wakatupa chai, wakatuambia mtoto ni wa upande wa baba na tuwe na subira. Subira ya nani, hawakusema.

Wimbo ulianzia kwenye ugali. Siku ya pili yake, jioni jua bado lipo, Selina alikuwa akisonga na mimi nikichambua mboga mlangoni. Mwiko ulikuwa ukigonga ukingo wa sufuria, ukigonga kwa nguvu kuliko inavyohitajika, na juu ya ule mdundo akaanza kusema, si kuimba:

*Mahindi baki nayo,*
*ng'ombe baki nao,*
*niludishie mtoto wangu,*
*bado hajajua kufunga vifungo.*

Alisema "niludishie", kwa ulimi wetu wa Bungoma. Alirudia mpaka maneno yakapata sauti, na sauti yenyewe haikuwa tamu. Ilikuwa kavu, ya puani, inakatika kwenye "vifungo" kama uzi. Aligonga sufuria kati ya mistari. Ugali uliungua chini. Siku zilizofuata aliuongezea beti akifua, akipanga nguo, akiwasha jiko, na mara nyingi aliuachia katikati. Siku moja Mama Wanjiru akagonga ukuta kwa kiganja. "Selina, wee! Huo wimbo uimbe mpaka mwisho ama unyamaze. Usiniachie mtoto wa watu kwa barabara." Selina akauimba mpaka mwisho. Upande wa pili tukamsikia Mama Wanjiru akipenga kamasi, halafu akamgombeza mtu ambaye hakuwepo.

Aliupeleka kwa Patroba mwenyewe. Nilikuwepo, mazoezi ya mchana, klabu tupu, viti vimepinduliwa juu ya meza na sakafu inanuka bia ya jana na sabuni. Patroba alikuwa kijana mtanashati wakati huo, viatu vinang'aa, fahari yake kubwa ikiwa ni kwamba alizungumza Kiswahili cha redioni wakati sisi wengine tuliteleza. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Hapa nitampa haki yake: alijua kusikiliza. Alipofumbua macho alikuwa ameshapata kila kitu, gitaa litaingilia wapi, chupa itagongwa wapi.

"Wimbo ni mzuri," alisema. "Lakini mtoto hauzi, dada. Nani atainuka kucheza msiba? Tuweke moyo."

"Moyo gani?"

"Nirudishie moyo wangu. Mtu ameachwa na mpenzi. Hiyo kila mtu imempata."

"Mimi sijaachwa na mpenzi. Mimi wamenichukulia mtoto."

"Si nimesikia. Lakini sasa sikia na wewe. Huu tukiurekodi, utapigwa kwa redio. Huko Kwanza wana redio ama hawana?"

Hapo Selina akakubali. Yunia alikuwa na redio, kubwa, ya kabati, ilikaa sebuleni imefunikwa kitambaa cha kushona. Patroba hakujua alichokuwa amekigusa, au alijua vizuri sana. Njiani kurudi nyumbani Selina aliniambia, "Nasimiyu atasikia sauti yangu. Hata maneno yakiwa ya upuzi, sauti ataijua." Nilimwambia lilikuwa jambo zuri. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na niliamini kwamba sauti ya mama haihitaji maneno.

Tulirekodi Bungoma, kwenye chumba nyuma ya duka la santuri. Kuta zilikuwa zimebandikwa trei za mayai na mablanketi, na feni ilizimwa kwa sababu ilinguruma ndani ya kipaza sauti, basi tukaiva kama ndizi. Patroba alikuwa ameandika beti mpya: pete baki nayo, picha baki nazo, nirudishie moyo wangu, bado haujajua kupenda mwingine. Kila Selina alipofika kwenye neno lile, alisimamishwa.

"Ru," Patroba alisema. "Si lu. Ni-*ru*-dishie. Hatutaki Nairobi watucheke."

"Niludishie."

"Ru, ru, ru. Ulimi uguse juu halafu utetemeke."

Alirudia asubuhi nzima na mchana. Wapiga gitaa walitoka nje kuvuta sigara wakarudi, wakatoka tena. Mpiga chupa alilala. Selina alikuwa amesimama kwenye kona, jasho linamtiririka shingoni, akirekebisha ulimi wake kwa ajili ya watu asiowajua. Na ile rekodi waliyoichagua, ile ambayo watu wameilia na kuichezea na kuitia kwenye simu zao, ni ya mwisho kabisa, alipokuwa amechoka kiasi kwamba sauti ililegea na kuanguka upande, na ile "r" ikatoka kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuizuia. Mnaiita asali. Nilikuwa kwenye chumba kile. Ule utamu ni uchovu.

Santuri ilipotoka, kwenye karatasi ya katikati palikuwa na jina la Patroba kama mtunzi, na jina la Selina halikuwepo, palikuwa na "pamoja na bendi". Alilitazama akasema, "Hata afadhali. Si wangu." Lakini redio ilipoanza kuupiga alikaa kitandani mikono magotini, akisikiliza kana kwamba anasikiliza kupitia masikio ya mtu mwingine aliye mbali. Aliulizia nani huwasha redio kule Kwanza na saa ngapi. Kisha tukaenda tena, mvua zikiwa zimeanza, njia ni tope tupu. Safari hii Nasimiyu alikuwa amesimama mlangoni tulipofika, amerefuka, vifungo vyake sawa. Selina alimwita. Mtoto alimtazama vizuri kabisa, kama anavyotazamwa mgeni aliyesemwa vibaya, akageuka akaingia ndani mwenyewe. Hakuna aliyemvuta. Yunia alikuwa akitabasamu. Selina hakulia pale. Tulipofika barabarani alisema tu, "Ameambiwa kitu." Ni kitu gani, hatukujua.

Mwisho wa kuimba kwake ulikuja kwenye harusi moja mjini Kitale. Watu walikuwa wameshiba, bwana harusi ameanza kutoa jasho, na bibi harusi akaja mwenyewe na shela lake kuomba "Nirudishie" urudiwe. Selina aliimba mpaka pete, mpaka picha, akafika kwenye moyo na kusimama. Gitaa likaendelea kuzunguka likimngoja. Patroba alimkazia macho huku meno yakicheka kwa ajili ya wageni. Selina akaweka kipaza sauti chini, si kwa hasira, kama mtu anayerudisha kikombe jikoni, akatoka kwa mlango wa nyuma. Hakuimba tena mbele za watu. Alirudi Bungoma akaanza kuuza mboga, na aliuza mboga mpaka alipougua. Redio yoyote ilipoupiga wimbo ule mbele yake, aliinuka akaizima, hata kwenye nyumba za watu. Patroba alipata msichana mwingine juma lililofuata. Aliendelea kuitwa kwenye redio siku za kumbukumbu za zilipendwa, akieleza alivyoutunga.

Na kwenye mazishi alieleza tena. Watoto walipomaliza kelele zao, alisaidiwa kusimama, akapewa kipaza sauti, akasema anawashukuru vijana kwa juhudi zao ingawa muziki si vita. Watu walicheka kwa shukrani. Kisha akasimulia jinsi alivyoachwa na mrembo fulani, akaenda kando ya mto na gitaa lake, na "Nirudishie" ukamjia wote kwa mkupuo. "Dada yetu Selina," alisema, "nilimpa ule wimbo kwa sababu sauti yake ilikuwa na upole." Jeneza lilikuwa hatua chache kutoka alipokuwa. Niliinuka. Sikuenda kumnyang'anya kipaza sauti, kwa sababu najua watu wetu: mwanamke mzee anayepigana mazishini husahauliwa maneno yake na kukumbukwa kilemba chake. Nilienda nyuma ya jikoni, Tina alipokuwa akikunja nyaya, nikiwa na hasira za miaka yote hiyo na mtu mdogo wa kuzimwagia.

"Wewe msichana," nilimwambia, "nani alikuambia dada yangu aliimba hivyo? Alipiga kelele lini?"

Alisimama wima. "Pole mama. Hatukutaka kukosea mtu."

"Ule wimbo mmeuchuna ngozi. Mmeuacha bila nyama."

"Lakini mama, yeye mwenyewe aliusikia," alisema. "Si tulikuwa tunanunua sukuma kwake. Siku tulijua ni yeye, tulibeba gitaa tukaenda tukampigia hapo kwa kibanda. Nilikuwa naogopa, nikidhani atatufukuza. Ati alicheka, bana. Aliweka kisu chini akacheka mpaka akafuta macho. Akasema, 'Hapo sasa umekasirika vizuri.'"

Nikashika ncha ya waya aliokuwa akikunja.

"Halafu akasema kitu sikuelewa," Tina aliendelea. "Alisema sauti ilikuwa yake lakini maneno si yake. Nikamwuliza maneno yake ni gani, akaniambia nimlipe kwanza sukuma. Nilidhani nitarudi nimwulize. Si unajua vile alilazwa ghafla. Mama, wewe unayajua?"

Nikamwambia. Nilisimama kati ya masufuria nikayasema kama Selina alivyoyasema, kavu, mahindi baki nayo, ng'ombe baki nao. Sauti yangu haina thamani, basi sikuimba. Nilisema niludishie mtoto wangu. Nilisema vifungo. Na nilipokuwa nikiyasema ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekisahau pale hemani nilipomtikisia Patroba kichwa. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeulinganisha kila wimbo na ule wa santuri nikiuita wa kwanza. Haukuwa wa kwanza. Santuri ndiyo iliyouiga wa jikoni, ikauosha, ikaupaka mafuta. Msichana huyu, ambaye alijifunza kutoka kwenye nakala, na hakujua hata mtu aliyeibiwa aliibiwa nini, alikuwa amesikia chini ya ile asali sufuria ikigongwa. Bado kelele zake zilinichukiza. Zinanichukiza mpaka leo, ngoma zile hazina adabu. Lakini hasira ilikuwa yenyewe, na utamu wa Patroba haukuwahi kuwa wenyewe.

Sikuwa nimemwona mwanamke aliyesimama kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa amekuja kuomba maji. Alikuwa mrefu, mikono mizuri, amevaa sweta ya kijivu, na asubuhi yote alikaa na wageni wa mbali badala ya kukaa na familia. Alikuwa Nasimiyu, ambaye hakuwahi kumtembelea mama yake, hata alipokuwa mtu mzima na watoto wake. Selina alimtumia watu, alimtumia salamu, na jibu lilikuwa moja: yuko na kazi. Nilimchukia kwa hilo, sitaficha. Alikuja mazishini kwa sababu desturi humtaka mtoto wa kwanza atupe udongo.

"Rudia," aliniambia.

"Nirudie nini?"

"Hayo ya vifungo. Rudia, anti."

Nikarudia. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe kitupu kwa mikono miwili. Nilipomaliza akasema, akitazama masufuria na si mimi, "Kukhu alikuwa anaongeza redio." Kukhu ni nyanya, alimaanisha Yunia. "Kila ulipopigwa. Ananiita nitoke nje nije nikae hapo chini. Ananiambia, huyo ndiye mama yako, sikiliza mwenyewe. Analilia mwanaume. Anataka moyo, umesikia? Amesema mtoto? Na mimi nasikiliza mpaka mwisho, kila siku, nikitafuta kama atasema mtoto." Akaweka kikombe juu ya meza. "Hakuwahi kusema."

Tina alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Mimi nilitaka kumshika Nasimiyu, lakini uso wake haukuwa uso wa kushikwa. Aliniuliza, "Ni nani alibadilisha?" Nikamwonyesha kwa kidevu kofia nyeupe chini ya hema.

Alienda akasimama mbele yake. Nilimfuata nyuma. Patroba alimtazama kwa tabasamu la mtu anayedhani anaombwa picha.

"Mzee, mimi ni Nasimiyu, mtoto wa Selina. Ni wewe ulitoa mtoto kwa wimbo ukaweka moyo?"

Watu wa kiti cha mbele waligeuka. Patroba alinitazama mimi, akajua mahali jambo limetoka. Alilamba midomo. "Binti yangu, ule ulikuwa muziki. Watu walitaka kucheza. Hata mama yako alikubali."

"Alikubali kwa nini?"

Patroba aliitazama fimbo yake. Sidhani alikumbuka. Hilo ndilo lililonikata: si kwamba alikuwa akificha, ila kwamba kwake lilikuwa ni mchana mmoja wa kazi kati ya michana mingi.

"Na mimi si binti yako," Nasimiyu alisema. Akageuka kwa Tina, aliyekuwa ametufuata na nyaya zake mkononi. "Wewe. Unaweza kuimba tena? Na uimbe vile huyu anti amesema."

Emsii alijaribu kusema ratiba imeenda sana na mchungaji anangoja. Nasimiyu alimwambia mchungaji angoje. Alisema kwa sauti ya chini, na nikamsikia Yunia kabisa ndani yake, na kwa mara ya kwanza maishani nikamshukuru Yunia kwa kitu. Wale watoto wakaunganisha tena magitaa. Tina aliniuliza mara mbili juu ya maneno, akauliza kama aseme lu au ru, nikamwambia lu. Kisha kinu kikaanza, mawe kwa mawe, na akapiga ukelele wa mahindi baki nayo mbele ya jeneza la Selina, mbele ya kanisa lote, na alipofika kwenye mtoto aliling'ang'ania neno lile mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Hakuna aliyecheza. Akina mama waliokuwa wakilalamika juu ya kelele waliacha kulalamika. Patroba aliitafuta fimbo yake, mtu akamsaidia, akatoka kupitia upande wa choo ili asipite mbele ya spika. Nasimiyu alibaki amesimama, mikono imekunjwa, bila chozi, akisikiliza mpaka mwisho.

Sitasema kwamba tumekuwa marafiki. Ananikumbusha watu wa boma lile, nami namkumbusha kwamba kulikuwa na nyumba ambayo angelelewa, na hakuna anayependa kukumbushwa hayo na mtu anayepumua. Lakini hupiga simu. Wale vijana wameurekodi wimbo upya kwa maneno yenyewe, wameweka jina la Selina kama mtunzi, na Nasimiyu anao. Bado anaishi Kwanza, kwenye boma lile lile, kwa sababu ndiye aliyebaki wa kumtunza Yunia, ambaye ni mkongwe sasa, haendi popote, hukaa kwenye kiti barazani na masikio yake ni mazima kabisa. Nasimiyu aliniambia kwamba kila siku, akimaliza kumlisha bibi na kumfuta midomo, huuweka ule wimbo, magitaa na ukelele na yote, spika akaielekeza barazani.

Nilimwuliza bibi husema nini.

"Anasema nipunguze," alinijibu.

"Na wewe?"

"Sipunguzi."